Kovu Nililolifuta

Ng'ambo, Tabora
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mdogo wangu Eustadia,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla ya kufungua bahasha. Habari za Ulyankulu, na mguu wako unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila jua linatukausha kama majani ya tumbaku.

Nakuandikia kuhusu picha ya mama, ile iliyotangulia mbele ya jeneza. Siku ile uliniambia, "Kaka, huyu si mama. Kovu lake liko wapi?" Nikakujibu kwamba Mfaume wa studio ameiharibu alipoisafisha. Nasikia mpaka leo unawakataza watu wa huko wasiende kwake, na picha umeifungia sandukuni. Misa ya mwaka nayo imekaribia.

Nikueleze kwa utaratibu. Kamera yangu huhifadhi picha ghafi, yaani mwanga wote jinsi ulivyoingia, kama unga ambao haujasongwa. Kuusonga ni kazi ya kompyuta. Natumia darktable, programu ya bure, waliyoitengeneza watu wa nchi mbalimbali na kuiacha wazi kwa yeyote. Ukiongeza mwanga au ukifuta doa, haigusi picha yenyewe. Huandika kila hatua pembeni, katika faili dogo, na ile ghafi hubaki vilevile.

Juzi niliifungua orodha ya hatua hizo. Ya mwisho ilikuwa shavu la kushoto. Mkono ulikuwa wangu, Eustadia. Mfaume alichapa tu nilichompelekea.

Mama alikuambia kwamba alikwaruzwa na tawi mwaka ule wa 1972, tulipokimbia mauaji kwetu. Halikuwa tawi. Tulikuwa tumeshavuka mto, nami, mtoto wa miaka saba, nikarudi kwa siri kumfuata mbuzi wangu. Mama akakuacha kwa shangazi, akanifuata. Panga lililonilenga mimi likapita shavuni mwake. Aliniapisha nisiseme, usije ukanichukia. Siku ya kuandaa picha nilishindwa kulitazama kovu lile, nikalifuta.

Sasa hatua ile nimeiondoa, na kovu limerudi. Nilimwomba radhi Mfaume. Alisema kumbe hata mwalimu hukosea hesabu. Picha mpya aliyochapa iko humu. Ukipenda, iwekwe mbele siku ya misa. Usipotaka kuniona karibu nayo, nitakaa viti vya nyuma na wageni.

Mfikishie shemeji Prosperi salamu zangu, na watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu.

Kaka yako, ambaye mama alimrudia,
Evaristi