Waya Uliopita Chini ya Kiti

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA MAELEZO
MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Fundi Redio, kama anavyojulikana mjini kote
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 54
Kazi: Fundi wa redio na spika, ana leseni ya redio ya ridhaa
Makazi: Nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha matofali, yenye antena juu ya paa
Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Muda wa kuanza: Saa 7:50 mchana

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Afande anayeandika ameniambia kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kwamba hata nikisema ukweli nachelewa, na hapa nilipo nimeshachelewa. Ameikubali sentensi hiyo baada ya mabishano. Naomba pia iandikwe kwamba redio yangu iko juu ya kabati nyuma yake, imezimwa, imefungwa lebo ya kielelezo namba moja, na kwamba nimeomba iwashwe mara tatu nikakataliwa mara tatu.

Anayetafutwa ni mchomeleaji. Kwa ukoo ni mume wa mdogo wangu, yaani shemeji yangu. Katika maelezo haya nitamwita mchomeleaji. Lile neno lingine sijalitumia kwake kwa miaka sita na sitaanza leo mbele ya askari.

Afande ameuliza kama kuna ugomvi kati yetu. Upo, tena mkubwa. Miaka sita iliyopita niliweka kwenye yadi yake mabomba kumi na mawili ya chuma chepesi, niliyoyanunua kidogo kidogo ili nijenge mnara wa antena. Nikasafiri kwenda kumuuguza mama kwa miezi mitatu. Niliporudi nilikuta mabomba yangu yamekatwa na kuungwa, yana umbo la mbavu za ndege. Nilimuuliza. Alinijibu, "Si yalikuwa yamelala tu?" Hata ile kinga ya uso ya kuchomelea hakuinua. Tangu siku hiyo tumenuniana. Nikiingia kwao kumwona mdogo wangu, yeye hutokea mlango wa nyuma. Hiyo ndege mnayoitafuta leo ni mnara wangu uliovalishwa mabawa ya turubai na injini ya gari dogo. Umefika juu kuliko nilivyoupanga.

Mahali pekee tunapozungumza ni hewani. Redio ya ridhaa ni ya watu wenye leseni wanaoongea wao kwa wao kwa kupenda tu, bila malipo. Mimi ndiye niliyemfundisha mchomeleaji, kabla hajanikosea, na mtihani akaufaulu. Kila Jumapili saa 3:00 asubuhi huwa nawaita wenzetu mmoja mmoja kwa namba za leseni zao, na kila mmoja anaitika. Kwetu sisi ni kosa kutukanana hewani, na ni kosa kuitwa usiitike. Kwa hiyo kila Jumapili kwa miaka sita nimemwita, naye amejibu, "Nakupata vizuri. Ova." Nami nimemjibu hivyo hivyo. Tukizima redio, kila mtu anarudi kwenye kinyongo chake.

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja kwangu. Alisema ndege imekamilika, na ofisi ya usafiri wa anga imetoa kibali cha kuijaribu juu ya uwanja wa majani tu, pasipo kutoka nje ya hapo. Alisema mumewe hana redio ya kufunga kwenye ndege na hawezi kuniomba. "Dada," alisema, "mimi siyajui hayo mabomba yenu. Ninachotaka ni arudi chini mzima." Nilimpa redio. Nilimpa mdogo wangu, sikumpa yule, na iandikwe hivyo. Nilimpa na karatasi ya maelekezo: akitua mahali pengine kwa dharura, aniite kila saa kamili kwa dakika tano, kisha azime ili betri idumu. Redio hiyo ina betri yake ya pikipiki, haitegemei injini.

Tarehe 7 Juni nilikwenda yadini kuifunga. Waya wa antena alikuwa ameshaupitisha mwenyewe. Aliponiona aliondoka. Niliijaribu redio injini ikiwa imezimwa, kwa sababu injini yake sijui kuiwasha na nisingemwomba aje aiwashe. Redio ilifanya kazi vizuri. Jumatatu yake, kwa nilivyoambiwa na mdogo wangu, mchomeleaji aliijaribu injini saa nzima redio ikiwa imezimwa. Kuijaribu redio kungemlazimu aniite, na haikuwa Jumapili. Injini nayo ilifanya kazi vizuri. Hakuna hata siku moja vitu hivyo viwili viliwashwa pamoja. Watu wazima wawili, kila mmoja fundi, na hicho ndicho tulichofanya. Mengine ya tarehe 7 nitayasema nikifika mahali pake.

Leo saa 2:40 asubuhi aliruka. Sikwenda uwanjani. Nilikuwa kwenye chumba changu cha redio, ambacho kilikuwa stoo, kina dirisha moja na meza moja. Mdogo wangu alikuwa uani kwangu akitazama juu, kwa kuwa kutoka pale uwanja unaonekana. Saa 2:52 alipiga kelele kwamba ndege imepita uwanja na inaelekea vilimani. Hapo alikuwa ameshavunja masharti ya kibali. Sikushangaa. Mtu aliyekata mnara wa watu hawezi kutishwa na karatasi.

Saa 2:55 nilimwita. Aliitika akasema yuko juu ya vilima na anaona mpaka mwisho wa dunia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayecheka. Nyuma ya kicheko nilisikia injini ikikwama. Nilimuuliza injini ina nini. Akajibu, "Inakohoa kidogo tu." Alipokuwa anasema hivyo ikakohoa tena.

Saa 2:58 nilimwita tena, nikamtaka aseme yuko wapi na yuko juu kiasi gani. Hiyo ndiyo kanuni, mwenye shida lazima aseme alipo. Hakuitika upesi. Nilimwita mara ya pili kwa ukali, nikamkumbusha kwamba anayeitwa huitika. Akaitika. Akiwa katikati ya kusema, injini ikazima kabisa, nikabaki nasikia upepo. Sauti ikakatika. Aliporudi hewani alisema, "Inakufa, inarudi, inakufa tena. Siielewi." Na maneno hayo hayo yakaiua tena.

Hapo nikaelewa. Injini haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inazimika kila anapobonyeza kitufe ili anijibu mimi.

Sasa inabidi niseme nililoliruka. Tarehe 7 Juni niliinama chini ya kiti cha rubani nikaona waya wa antena umepita hapo na umefungwa pamoja na boksi dogo la umeme, lile linaloziamuru plagi za injini zitoe cheche. Fundi yeyote wa redio anajua kwamba ukizungumza, nguvu ya redio inatoka kwenye waya na kulivuruga boksi kama hilo. Kuuhamisha ilikuwa kazi ya dakika kumi. Lakini ndege si yangu. Ilibidi nimwambie, au nimwachie ujumbe kwa mkewe. Nikasema moyoni, si anajifanya anajua kila kitu? Basi na ajue. Nikafunga mkoba wangu nikaenda zangu. Niliuona, na sikusema. Afande ameniuliza kama nina hakika nataka liandikwe. Liandike. Naona aibu, lakini aibu yangu haimtoi mtu vilimani.

Saa 3:01 nilibonyeza kitufe nikasema maneno haya: "Usinijibu. Toa kidole kwenye kitufe. Nyamaza kabisa, tafuta pa kutua, usiniite mpaka uwe chini." Nilirudia mara tatu. Mdogo wangu alikuwa ameshaingia na kusimama mlangoni. Alichosikia yeye ni dada yake akimwambia mume wake anayeanguka anyamaze kabisa na asimwite. Alinishika bega akasema, "Dada, unafanya nini?" Nilimwambia naye anyamaze. Alipiga yowe akatoka mbio, akaja moja kwa moja hapa kituoni. Nimesomewa alichowaambia, kwamba nimemuua mume wake kwa sababu ya mabomba. Sasa hivi yuko kwenye benchi hapo nje. Nilipopitishwa mbele yake alinitemea mate. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya zaidi ya hapo.

Mchomeleaji hakujibu. Wakati huo sikujua kama amenitii au ameanguka. Kwa miaka sita hajanitii katika jambo lolote.

Wakati aya iliyo juu inaandikwa, saa ya ukutani imefika saa 8:00 kamili. Nimemwonyesha afande kwa kidole. Amesema tumalize kwanza. Nimemwita jina ambalo amekataa kuliandika.

Saa 4:00 kamili asubuhi redio yangu ilisikika ikibofya. Mara tatu, kimya, mara tatu, kimya. Hiyo ni sauti ya mtu anayebonyeza kitufe na kukiachia bila kusema neno. Iliendelea kwa dakika tano, kama karatasi yangu ilivyoelekeza. Nilipanda kwenye ngazi nikaizungusha antena ya paa kwa mkono, nikiwa nimeiacha redio dirishani kwa sauti ya juu, mpaka mibofyo ikawa na nguvu kuliko pande zote. Antena ilikuwa inatazama machimbo ya mawe yaliyoachwa, nyuma ya kilima cha pili. Huko simu hazishiki. Na yake hata hivyo iko mezani kwa mkewe.

Saa 4:10 askari wawili walifika kwangu. Niliwaambia mtu yuko machimboni, tena yuko hai. Mmoja alicheka akasema, "Mama, wewe ndiye utuambie pa kutafuta?" Waliung'oa waya wa umeme, wakachukua redio, wakanichukua na mimi. Naambiwa tangu saa hiyo mnatafuta kando ya mto kwa sababu mtu aliona moshi upande huo. Moshi huo ni wa tanuri la matofali. Unafuka kila Jumamosi, na kituo chenu kinauvuta kama tunavyouvuta sisi.

Swali la afande: Kwa nini niamini maneno ya mtu aliyekiri kumchukia anayetafutwa?
Jibu: Usiniamini. Washa redio saa tisa kamili.

Swali la afande: Unamchukia bado?
Jibu: Ndiyo. Akipatikana nitamdai mabomba yangu moja moja. Lakini siwezi kumdai aliyelala machimboni.

Nimekosa wito wa saa tano, wa saa sita, wa saa saba na wa saa nane. Kwenye masafa yale hakuna mwingine anayesikiliza siku za kazi wala Jumamosi. Kwa hesabu yangu betri ile imebakiza wito wa saa tisa. Wa saa kumi siwezi kuuahidi. Na kama alinitii, basi yule mtu amekaa kule tangu asubuhi akiamini kwamba mimi namsikiliza.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na nililolificha nimelitoa. Nimesomewa, nimeyaelewa, naweka saini yangu. Kama kuna karatasi nyingine ya kujaza, ijazwe kesho.

Saini ya shahidi: imewekwa (karatasi imetoboka)
Muda wa kumaliza: Saa 8:34 mchana

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nathibitisha kwamba nimemsomea shahidi maelezo yake na ameyakubali, isipokuwa alidai niandike kwamba nina mwandiko wa pole pole. Nimeandika.

Saa 8:37, kwa uamuzi wangu na bila kibali cha mkuu wa kituo, nilikichukua kielelezo namba moja juu ya kabati, nikampeleka shahidi nyumbani kwake kwa gari la kituo. Mdogo wake aliingia kwenye gari bila kuitwa. Shahidi aliunganisha waya, nami kwa maelekezo yake nilipanda ngazi nikaishika antena ielekee machimboni. Dirisha lilikuwa wazi na nilisikia yote.

Saa 9:00 kamili ilisikika mibofyo mitatu. Ikafuata sauti ya mwanaume, dhaifu lakini yenye kueleweka. Iliita namba ya leseni ya shahidi, kisha ikasema: "Ulisema nisikuite mpaka niwe chini. Niko chini tangu asubuhi. Mguu umevunjika. Waya wa sauti wa maiki ulikatika, kikabaki kitufe tu, ndiyo kwanza nimefanikiwa kuuunga kwa meno. Kama unanisikia, itika. Ova."

Mdogo wa shahidi alikaa sakafuni. Shahidi alishika kipaza sauti akabonyeza kitufe. Kisha alitamka matusi mfululizo, ambayo sikuyaandika na ambayo naambiwa yanaweza kumnyang'anya leseni. Alipoishiwa alisema, "Tunakuja, shemeji. Ova."

Mwanaume alijibu, "Nakupata vizuri, shemeji. Ova."

Gari liliondoka kuelekea machimboni saa 9:04. Kielelezo namba moja hakikurudishwa kabatini. Kimebaki kwa shahidi, kikiwa kimewashwa.