Aliyelala Sebuleni kwa Georgina

Jumatatu, 22 Agosti 2022

Kesho sensa. Mimi, mwalimu wa hesabu niliyepotelewa na mbuzi wawili nisijue, ndiye karani wa kitongoji chetu hapa Kishanda. Nimepewa kishikwambi na kizibao. Kizibao hakifungi tumboni. Vestina amecheka mpaka akakaa chini. Anasema mimi nihesabiwe mara mbili. Mke huyu!

Jumatano, 24 Agosti

Kaya kumi na tisa. Miguu imevimba. Kila nyumba wananipa kahawa ya kutafuna, na kukataa ni matusi. Moyo unaruka.

Kwa Georgina ndiko nilikokwama. Mumewe tulimzika Juni, palepale kibanjani, kwenye shamba lao la migomba. Leo nimemkuta shemeji yake, Kahangwa, ndugu wa marehemu, sebuleni na godoro lake! Nyumba yake mwenyewe iko hatua hamsini. Anasema redio imetangaza: ulipolala usiku wa sensa ndipo unapohesabiwa. Basi amelala.

"Niandike mkuu wa kaya, mwalimu. Serikali ikishaandika, kibanja kimejulikana ni cha nani."

Nikamweleza sensa haigawi vibanja. Akacheka. Hapa hakuna anayeliamini hilo, hata Georgina — nilimwona macho. Ana mabinti wawili tu, hana wa kiume. Anaogopa kutolewa kibanjani.

Kanuni ni kanuni: kalala, kahesabiwa. Lakini mkuu wa kaya wanamtaja wenye kaya. Nikamwomba Kahangwa atupishe. Georgina alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Mkuu ni mimi, waitu. Huyo ni mgeni. Tena mgeni asiyeleta hata chumvi."

Nikaandika hivyo.

Ijumaa, 26 Agosti

Kahangwa anatangaza kilabuni kwamba nimemwandika mkuu wa kaya. Ananinunulia na rubisi, pombe yetu ya ndizi! Sikunywa. (Nilikunywa kidogo.) Jumapili ukoo unakaa kuamua kibanja, anataka nikashuhudie. Siwezi — nimekula kiapo, majibu ya watu ni siri, nikitoboa ni jela. Vestina kaniambia ninyamaze basi, kwani ni kazi ngumu? Kwangu mimi, ndiyo.

Jumapili, 28 Agosti

Baada ya misa, uani kwa Georgina. Wazee kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye majani. Kahangwa kavaa koti.

"Mwalimu, waambie wazee uliandika nani."

"Siruhusiwi kusema."

Mzee Protase, mkubwa wa ukoo: hata ndiyo au hapana?

"Hata hiyo, mzee."

Kahangwa akatabasamu. "Mmeona? Kama hakuniandika si angekana?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Katibu wa kikao akafungua kalamu. Nami nimesimama kama mtoto aliyesahau jedwali la saba! Neno moja tu lingetosha. Na nilikuwa nalo.

Ndipo Georgina akainuka. Mwanamke hasemi kwenye kikao cha ukoo mpaka aulizwe, na hakuna aliyemuuliza.

"Mwalimu amefungwa mdomo na serikali. Mimi nimefungwa na nani?"

Kahangwa: "Kaa chini, mke wa marehemu."

Hakukaa. Binti yake mkubwa naye akasimama, kisha yule mdogo. Protase akawatazama wote watatu. Akaniambia nitoke, haya sasa ni ya ukoo.

Nimetoka taratibu sana, nikitega sikio. Nilipofika njiani nikamsikia mzee: "Haya, Georgina. Katibu, andika anachosema."