Valvu Iliyobana

Kasulu, Alhamisi. Mvua ya Novemba imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika, ikarudi. Ukungu haukuondoka kwenye vilima mpaka saa tano. Nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Asubuhi nilijifungia chooni na kile kijikaratasi cha kupimia mimba nilichonunua juzi kwenye duka la dawa la mjini, mbali na watu wanaonijua. Nilikuwa nimepitiliza siku kumi na moja. Nikasubiri, macho nimeyafumba kama mtoto anayeogopa sindano.

Mstari mmoja.

Sina mimba. Nililia kwa furaha, nikiwa nimejiziba mdomo kwa khanga ili mama mkwe asisikie. Halafu nikaona aibu. Ni mwanamke gani aliyeolewa, mwenye mtoto mmoja tu, anayelia kwa furaha kwa sababu hana mimba?

Mama mkwe alikuja kutoka Kibondo wiki tatu zilizopita, na dumu la asali na mizizi iliyofungwa kwenye gazeti. Kila asubuhi ananichemshia mizizi hiyo ili nizae. Angekuwa mkorofi ingekuwa rahisi kwangu, lakini ni mpole. Anamwogesha mwanangu Jeska, ananifulia nguo zangu za kufundishia bila kuombwa, na akisali anataja jina langu kwanza. Anachotaka ni kumpakata mjukuu mwingine kabla hajafa, na hilo ameshaniambia mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa Kiha.

Moyo wangu ni mgonjwa, na mpaka leo asubuhi hapa nyumbani hakuna aliyekuwa anajua. Hilo naliandika kwa mara ya kwanza, kwenye daftari hili ambalo sijaliandika jina langu.

Nilipokuwa na miaka tisa, kule kwetu Titye, nilikuwa napata mafindofindo mara kwa mara. Safari moja yalipopoa, homa ikapanda, magoti yakavimba, kisha viwiko. Bibi akanifunga majani ya moto, nikapona, tukasahau. Hatukujua kwamba homa ile ilikuwa imepita moyoni na kuacha kovu. Kovu lilijitokeza nikiwa na mimba ya Jeska. Mwezi wa nane nilikuwa nalala nimekaa, nikikohoa povu lenye damu. Daktari aliyenipima moyo baada ya kujifungua alinichorea kwenye karatasi mlango wa moyo, ile valvu, ulionenepa na kushikamana. Akasema nisibebe mimba nyingine mpaka mlango huo urekebishwe Dar es Salaam, kwa sababu safari ile tulipona kwa bahati, mimi na mtoto. Akaniandikia rufaa.

Rufaa hiyo nimeificha miaka minne kwenye faili la mitihani ya zamani. Kila baada ya wiki nne nakwenda kuchomwa sindano ya kuzuia homa ile isirudi, na nyumbani nasema natibiwa vidonda vya tumbo. Siku za hatari nazihesabu mwenyewe, na nikiona zimefika najifanya nimelala.

Kwa nini sikusema? Kaka yake mume wangu alioa mke wa pili pale wa kwanza alipoacha kuzaa. Hakuna aliyegombana. Watu walipika, wakala, na yule wa kwanza akabaki jikoni akigawa chakula. Nilikuwepo siku hiyo. Niligawa naye.

Leo, kati ya siku zote, somo la kidato cha pili lilikuwa mzunguko wa damu. Nilinunua moyo wa ng'ombe buchani na kuubeba kwenye ndoo ndogo. Huwa naanza kwa Kiingereza kama tunavyotakiwa, lakini nikiona macho yamepotea narudi kwenye Kiswahili. Niliupasua mezani, wakasogea. Nikawaonyesha vyumba vinne. Damu iliyochoka inarudi kutoka mwilini na kuingia upande wa kulia, inasukumwa kwenye mapafu kuchukua hewa safi, inarudi upande wa kushoto, na kutoka hapo inasukumwa mwili mzima, hadi kwenye vidole vya miguu. Wakashika ukuta wa kushoto wakaona ulivyo mnene kuliko wa kulia. Nikawaambia huo ndio unaofanya kazi kubwa. Halafu nikapitisha vidole kwenye valvu ya kushoto, nikawaonyesha vile vikamba vyembamba vinavyoishika isipinduke, na namna inavyofunguka damu ipite na kujifunga isirudi.

Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Madam, na huo mlango ukishindwa kufunguka vizuri?"

Nilijibu kama kitabu. Damu inarundikana nyuma ya mlango, shinikizo linarudi kwenye mapafu, mgonjwa anakosa pumzi. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Vidole vyangu vilikuwa bado ndani ya ule moyo, na sikuweza kuvitoa.

Kipindi kilipoisha nilipanda kale kamlima ka kwenda ofisi ya walimu na ndoo yangu. Nusu ya njia pumzi ikakata. Moyo ulikuwa unakimbia ovyo, bila mpangilio. Nikakaa kwenye matope na sketi yangu. Mwalimu mwenzangu alinikuta hapo, akampigia simu mume wangu.

Baba Jeska ni fundi wa pampu na mabomba ya maji. Alikuja na pikipiki, suruali imelowa magotini. Akanipakia nyuma. Tulipofika kwenye tangi la maji barabarani nilimwomba asimame, na pale, tukiwa tumekaa ukingoni mwa mtaro, nikamweleza yote. Mafindofindo, mchoro wa daktari, sindano, uongo wa vidonda vya tumbo, siku ninazojifanya nimelala. Hata kijikaratasi cha asubuhi.

Alisema bila kuniangalia, "Miaka minne, Mama Jeska."

Alikuwa na haki ya kuumia.

Akaokota jiwe, akaligeuzageuza mkononi. "Hiyo valvu inavuja au imebana?"

"Imebana."

"Na damu ikishindwa kupita inakwenda wapi?"

"Inarundikana nyuma, kwenye mapafu."

"Ndiyo maana unakohoa ukilala chali." Akalitupa lile jiwe. "Nilikuwa nakusikia. Nikadhani ni vumbi la chaki."

Hakusema amenisamehe. Alisema tu kwamba mama yake ataambiwa leo, na kwamba atamwambia yeye mwenyewe.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nilianza kuandika nikiwa kitandani, nimeegemea mito, huku nikiwasikia wakiongea Kiha nyuma ya nyumba. Sauti ya mama mkwe ilipanda mara moja, kisha ikashuka. Nilijiandaa kwa lolote. Nilikuwa nimeshapanga hata nguo zipi nitazibeba nikirudishwa Titye.

Mama aliingia peke yake, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akaniuliza kama nikiwa na mimba ya Jeska nilikuwa nalala nimekaa. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama nilikohoa povu lenye rangi ya damu. Nikamwambia ndiyo.

Aliangalia mikono yake. "Mdogo wangu Eliza alikufa hivyo hivyo, na mtoto tumboni," alisema. "Tulisema amelogwa. Tukamfukuza jirani."

Alibaki amekaa hapo mpaka Jeska alipomwita. Hakugusia tena mjukuu. Sijui kesho ataamkaje, na sijui ukoo utasema nini ukisikia. Hakuna kilichofunguka kifuani. Nikiinama kufunga viatu bado naona giza, na Dar es Salaam naiogopa kuliko nilivyowaogopa hawa wawili. Kuna njia ya kupitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wautanue mlango bila kupasua kifua. Huwa naisoma hiyo habari kisha naufunga ukurasa.

Jumatatu nitamwomba mkuu wa shule ruhusa ya kwenda Dar es Salaam na ile rufaa. Nimeliandika hili hapa ili nisipate pa kujificha.