Mkono wa Kulia Tu

Jumatatu, 4 Machi

Bima wamekataa tena. Bwana Mfumo – jina nimempa mimi, maana kila nikimwuliza kitu anasema mfumo haukubali – ameniambia tiba ya vitendo ya binti yangu si matibabu. Eti ni mafunzo. Kumzoeza mtoto wa miaka sita kushika kijiko na kufunga vifungo ni kazi ya mama yake, si ya bima. Nikamwuliza yeye adabu alifundishwa na nani. Hapana, sikumwuliza. Nilitoka kimya, nikamwuliza njiani, peke yangu.

Bila bima, mwezi huu ndio mwisho wa tiba. Na sasa ndiyo kwanza vidole vya mikono yote miwili vimeanza kumtii.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekata rufaa. Watamtuma mpimaji nyumbani, aje amwone mtoto kwa macho yake.

Mama mkwe ana ushauri: siku hiyo mtoto asiguse kitu. Akae tu, aonekane hawezi. Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Nililifikiria, Mungu anisamehe.

Jumatano, 13 Machi

Mpimaji amekuja. Mama wa makamo, mpole, kalamu mkononi. Nikamnong'oneza Mheshimiwa – ndivyo tunavyomwita binti yetu, kwa jinsi anavyotuamrisha – kwamba leo apumzike. Akanitazama kama nimemtukana. Akaenda na sweta lake kusimama mbele ya mgeni.

Kifungo cha juu. Ulimi nje, jasho puani. Mkono wa kushoto ukavuta kitambaa, ukateleza, ukarudi. Mama mkwe anakohoa makusudi kumzuia. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha. Na papo hapo namwombea kiingie!

Kikaingia.

Mpimaji akasema, kwa upole uleule, kama anaweza, tiba ni ya nini tena? Hapo mori ukanipanda. Nikamwambia sweta lina vifungo vitano. Hicho kimoja amekipata kwenye hayo mnayoyaita mafunzo, mwaka jana hakuwa na hata hicho. Mkimwachisha hapo, azeeke na kifungo kimoja? Mume wangu akanifinya. Sikunyamaza.

Mpimaji akaandika kwa muda mrefu. Halafu akaomba amwone akila na kijiko.

Alhamisi, 21 Machi

Tumeshinda! Ujumbe umeingia kwenye simu jioni: tiba imekubaliwa, mwaka mzima. Mama mkwe amepiga kelele mpaka jirani kaja kuuliza nani amejifungua. Sasa anasema yeye tangu mwanzo alijua mtoto aachwe aonyeshe anachoweza. Sikubishana naye, leo nampenda kila mtu. Nimekwenda kulia bafuni, nikarudi nimenawa.

Mheshimiwa ameuliza kama yule mgeni atarudi, kwa sababu hakumwonyesha kifungo cha pili.

Ijumaa, 22 Machi

Niko saluni, kazini kwangu. Nimeusoma ule ujumbe mpaka mwisho. "Tiba ya vitendo, mkono wa kulia." Mkono wa kulia tu!

Mwezi uliopita ningekaa chini nilie. Leo nimesonya, nikapiga simu. Bwana Mfumo anaeleza: mfumo una nafasi ya kiungo kimoja, na mpimaji alitangulia kuandika wa kulia. Wa kushoto mfumo haukubali.

Nikamwuliza kama amevaa shati. Amevaa. Nikamwambia atie mkono wa kushoto mfukoni, afungue kifungo kimoja, kisha akifunge. Akasema, lakini mama. Nikasema nasubiri, sina haraka.

Simu ipo mezani, sauti juu, ndiyo maana naandika. Mteja wangu, nusu kichwa kimesukwa na nusu nywele zimetimka, amezima redio mwenyewe ili asikie.

Kiti kinalia huko. Pumzi. Pumzi tena. Mwenzake anamwuliza anafanya nini.

"Hebu njoo," anamwambia. "Nishikie hapa."