Nusu Niliyokataa Isafishwe

Papa,

Sasa hivi mjukuu wako Furaha ameichomoa chupa yako kwenye mkoba wangu akaanza kufungua kizibo. "Saft, mamma!" kwa Kiswidi chake. Kwa kuwa ni ya buluu, alidhani juisi. Nimempiga mkono, Papa, mbele ya watu wote hapa ofisi ya mazingira. Akalia, na mimi nusura nilie. Nimeubusu ule mkono mpaka akanyamaza. Amekaa mapajani, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Uliijaza mwenyewe kule kiwandani Jordbro, siku shefu wako, yule bosi mwenye kiwanda, alipokuamuru umwage pipa zima la maji ya rangi kwenye mtaro wa mvua. Ukabandika plasta, ukaandika tarehe na jina lako. "Ni maji tu," alikuambia. "Ukiogopa maji, rudi jangwani." Ulifika nyumbani unakohoa na kucheka: "Mjinga huyu, mimi nimezaliwa kando ya Ziwa Kivu!"

Mimi sikucheka. Madaktari hawakusema ni maji yale yaliyokuua. Hawakusema siyo.

Siku hizi nafanya usafi kwenye maabara ya chuo. Kuna dada wa Kitanzania pale, Rehema, mzaliwa wa huku huku, kazi yake kusafisha maji ya viwanda kwa mwanga. Mimi shule niliiachia njiani, lakini alinieleza nikaelewa: "Dada, huu unga mweupe gizani ni mvivu kabisa. Uupige taa uone unavyotafuna sumu." Nikampa chupa yako. Alipima kwanza, akaandika kila sumu iliyomo, ndipo akamimina nusu, akatia unga, akawasha taa. Kufika mchana buluu imekwisha! Nililia, Papa. Nikawaza, kumbe hata ule mtaro unaweza kupona. Rehema akanituliza, rangi kuondoka siyo sumu kuondoka, lazima apime tena. Akapima. Sumu nyingi imekwenda.

Akanyoosha mkono achukue na nusu iliyobaki. Nikamshika. Hapana! Tukiisafisha yote, nani atamshtaki shefu wako? Yule mtu anaandika kwenye matangazo yake kwamba kiwanda hakitoi hata tone chafu. Iliyosafishwa ni ya watoto. Hii chafu ni yake.

Nataka awekewe mezani. Aulizwe kwa Kiswidi kile kile alichokuwa anakukaripia. Akohoe akitafuta jibu. Samahani yake sitaki, maua aliyoleta mazishini nilishayatupa. Mungu anisamehe, nataka wanawe wamwulize nyumbani, papa, ulifanya nini?

Karatasi ya vipimo ya Rehema ninayo. Plasta yako haijabanduka.

Pumzika sasa, Papa. Wewe umevumilia vya kutosha, mimi sivumilii. Nakuahidi, chupa hii haitoki mkononi mwangu mpaka wapige mhuri kwamba wameipokea, na wakinizungusha nitarudi kesho na kesho kutwa, na yule mtu nitamkalia mpaka siku atakapo

wanaita jina, Papa, ni lako, ndilo nililoandikisha, wamelitamka vibaya lakini