Lugha changa ya Amani na mtu wa pili

Jumanne. Mvua imekatika asubuhi, mto Mulongwe una rangi ya chai ya maziwa, na mimi niko wiki ya nne ya ndoa. Bado naamka na kumwangalia mume wangu kama zawadi iliyoletwa kwenye mlango usio wake.

Amani anatengeneza tovuti. Miezi hii amependa lugha changa ya kuandikia programu. Anasema ile ya zamani hunyamaza ukikosea, kosa likaja kuonwa na mteja. Hii hukataa mapema na kueleza kwa nini. Akieleza hayo macho yake yanang'aa, nami simsikii vizuri.

Mafundi wenzake wanamcheka. "Bibi mupya, lugha mupya! Utaweza zote mbili?"

Kwa kina Amani bibi harusi hatoki kwenda kazini mwezi wa kwanza. Basi nilikaa na kompyuta yake ya zamani na kle, kijiti cha USB chenye masomo ya video ya lugha hiyo. Megabaiti za intaneti ni ghali, kwa hiyo mafundi wa hapa hupokezana kle hiyo hiyo. Nilitaka tu kukijua kitu anachokipenda.

Nakiri: sikumwambia.

Ijumaa ukurasa wa bei za mpunga, kwenye tovuti aliyoagizwa na wakulima, uligoma. Amani alirudia masomo mstari kwa mstari, bure. Mimi ndiye niliyegundua kwamba yalirekodiwa kabla lugha haijabadilishwa. Nikarekebisha mistari miwili, ukafunguka. Ndipo Amani akajua siri yangu.

Leo amekuja mwenye kazi, Mama Prezida wa chama cha wakulima wa Lubarika. Ameipenda tovuti. Kisha akauliza swali ambalo Amani alikuwa akiliogopa.

"Hapa Uvira iko nani mwingine mwenye anajua hii lugha? Siku weye unaenda Bukavu, nani atatengeneza?"

Bila mtu wa pili, alisema, kazi ataipeleka kwa fundi wa lugha ya zamani.



"Miye, mama," nikasema, sahani ya samaki wadogo wa ndagala mkononi.

"Weye? Bibi harusi? Mwezi haujaisha!"

"Unaisha Jumapili, mama."

Akacheka mpaka akaweka mkono kifuani. Akaagiza bei za mpunga zibadilishwe Jumatatu, na nizibadilishe mimi, yeye akiwa ameketi hapo anatazama.

Mama Prezida ameondoka. Amani anatabasamu tu, peke yake, kama mgonjwa aliyepona.

Jumatatu nitavaa kitenge kipi?