Kumlisha Bila Kumtazama

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Ian amefika Keumbu na kamera yake. Anatengeneza filamu ya maisha ya baba mkwe, mzee Onyiego — mwalimu wa kwaya, sauti ya kutikisa mabati ya kanisa! Tangu kiharusi kimpige mwaka jana, hasongezi hata kidole. Hatoi neno. Ian ni mjukuu, anamtania atakavyo: Sokoro, yaani babu, leo wewe ni staa! Mimi mke wa mwanawe nitaweza wapi? Kuna ensoni, ile aibu ya heshima. Mkwe hatazamwi usoni na mkwe. Hata chumba chake singepaswa kuingia, lakini mama mkwe alishatuacha, na Bosire wangu yuko dukani Kisii mchana kutwa. Basi namlisha uji nikitazama ukuta. Kijiko kimeshazoea njia.

Jumatano, 6 Agosti
Mvua. Nimechoka mimi! Shuka zake hazikauki, majani chai yananingoja, mgongo unawaka moto. Dada Ruth akapiga simu nikimlisha. Nikamwaga yote: huyu hasikii, haelewi, ni kama kulisha gogo — si Mungu amchukue tu, sote tupumzike! Kamera ilikuwa pale kwenye kona. Ian alikuwa nje. Nadhani alikuwa ameizima.

Sabato, 9 Agosti
Haikuwa imezimwa.

Ian alituita tutazame kwenye kompyuta. Mimi, kijiko, ukuta. Sauti yangu, neno kwa neno. Bosire akainuka akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe gani, wakati tulishakamua? Aibu niliyoona! Nilitaka ardhi ipasuke niingie.

Ian akaniambia aunty, achana na maneno, tazama macho yake. Nikatazama. Kwenye kioo cha kompyuta niliweza. Yalikuwa yananifuata. Nikiongea, yananifuata. Nilipofika pale niliposema Mungu amchukue, machozi yakamtoka. Nakumbuka nilipapasa shavu lake kwa kitambaa, likawa na maji. Nikadhani ni uji.

Ian akakimbia chumbani: Sokoro, kama unanisikia, pepesa macho mara moja. Akapepesa! Huenda amekuwa akituita hivyo tangu mwaka jana. Na aliyekuwa naye kila siku ni mimi. Eti nina heshima. Najiuliza mwenyewe: heshima gani hii, Persis?

Jumapili, 10 Agosti
Ian na mzee wamekubaliana — kupepesa mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Jana usiku Bosire alinena maneno machache tu: enda umwombe msamaha wewe mwenyewe. Leo Ian alitaka kunipiga picha nikiomba msamaha. Nikakataa, nikafunga mlango.

Nilisimama mbele yake. Halafu nikainua uso. Miaka yote hii ya ndoa, sijawahi. Macho yake ni ya Bosire kabisa! Sikujua.

Nikasema Baba, nilikosa. Umenisamehe?

Akafunga macho. Nikangoja afungue. Hakufungua. Alikuwa macho, kope zinacheza, lakini hakufungua.

Nilipotoka nikamweleza Ian, akashangilia, ati kufunga mara moja ni ndiyo. Wee! Huyo kijana hajui mambo ya wakwe. Labda ni ndiyo. Labda hataki kuniona tena. Ama ni ensoni yake yeye, mzee wa watu, mke wa mwanawe amemkodolea macho na hawezi hata kugeuza shingo.

Uji wa jioni uko tayari. Bosire hajarudi. Nimesimama nao mlangoni mara mbili nikarudi jikoni kuandika. Lazima ale. Nikiingia, nitazame wapi?